Wahitimu wa fani zote wafunguliwe njia ya Kigiriki na Kilatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowahusu vijana wetu wasomi wa Tabora na Kigoma, ambalo husemwa zaidi vibarazani kuliko magazetini. Wapo wahitimu wenye shahada zao za uuguzi, sheria, misitu, uhasibu na ualimu ambao wanatamani kuendelea na masomo ya juu katika lugha, historia na fikra za Ugiriki na Roma ya kale. Wazazi wao wanawauliza watakula nini. Waajiri wanawashauri wasome usimamizi wa miradi. Vyuo vya nje wanavyoviandikia vinawajibu kwa heshima kwamba akili wanayo na vyeti wanavyo, ila lugha hawana. Swali la wazazi lina haki yake na nitaligusa, lakini jibu la vyuo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa hilo tunaweza kulishughulikia sisi wenyewe, hapa hapa nchini, na kwa gharama isiyotisha.

Nilifundisha historia katika shule za sekondari za mkoa huu hadi nilipostaafu, na sasa Jumamosi mchana hukaa na kikundi kidogo cha wahitimu wa namna hiyo. Yupo muuguzi wa zamu za usiku, yupo afisa misitu anayetoka Sikonge, yupo karani wa mahakama, yupo mwalimu wa hisabati, na yupo kijana aliyeacha seminari mwaka mmoja kabla ya kumaliza, ambaye ndiye anayetufundisha Kilatini. Hakuna hata mmoja wao aliyesoma masomo haya kwa shahada ya kwanza, kwa sababu hapakuwa na mahali karibu pa kuyasomea. Wameyafikia wakiwa watu wazima, kila mmoja kwa njia yake, na nimeona kwa macho yangu kwamba njia hizo tofauti zinawapa macho tofauti ya kusomea.

Nianze na sababu inayotuhusu sisi watu wa magharibi ya nchi kuliko wengine wote. Kila mtoto wa Kigoma ameonyeshwa mwembe wa Ujiji na kuambiwa kwamba hapo ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Wachache wanaambiwa kwamba mzee Livingstone alikuwa akiongozwa na maneno ya Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Livingstone alianza kazi katika kiwanda cha pamba huko Blantyre, Scotland, akiwa na umri wa miaka 10, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa wiki ya kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, akawa anakwenda kusoma darasa la usiku baada ya kazi, na baadaye alipokuwa akisomea udaktari Glasgow alihudhuria pia masomo ya Kigiriki. Katika safari yake ya mwisho alikuwa akitafuta chemchemi za mto Nile ambazo Herodotus, mwanahistoria huyo Mgiriki, alizitaja katika kitabu chake cha pili, zile zilizosemwa kuwa kati ya milima miwili iitwayo Crophi na Mophi. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka hapa mjini Tabora, akisubiri wapagazi, akaondoka mwezi Agosti kuelekea kusini, na mwaka uliofuata akafariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa bado anazitafuta. Anayemsoma Herodotus mwenyewe atakuta kwamba habari hiyo aliambiwa na karani wa hazina ya hekalu huko Sais, Misri, na kwamba Herodotus anaongeza papo hapo kuwa alimwona karani yule kama anayefanya mzaha. Historia ya Kwihara na Ujiji, kwa hiyo, ina ukurasa wake mmoja katika Kigiriki, na hatuwezi kuendelea kuusoma kwa macho ya watu wengine tu.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, na naomba wasomaji wanivumilie nikae hapo kidogo. Katika vitabu vingi, na siku hizi katika kurasa nyingi za intaneti, utasoma kwamba mfanyabiashara Mgiriki aitwaye Diogenes alishuka Rhapta, ile bandari ya kale ya pwani yetu, akatembea kwa miguu siku 25 kwenda bara, akafika kwenye maziwa mawili makubwa na milima yenye theluji. Habari hiyo inasimuliwa kwa uhakika hata wanafunzi wanainakili katika kazi zao. Chanzo chake ni kitabu cha Jiografia cha Ptolemy, aliyeandika huko Aleksandria katika karne ya 2, naye ananukuu kutoka kwa mtangulizi wake, Marinos wa Tiro. Kikundi chetu kilipoisoma sehemu hiyo neno kwa neno, tulikuta kwamba Diogenes alikuwa akirudi kutoka India, akasukumwa na upepo wa kaskazini alipokaribia rasi ya Aromata, ambayo ni Guardafui ya leo huko Somalia, akaenda siku 25 huku nchi ikiwa upande wake wa kulia, ndipo anasema akafika kwenye maziwa ambako Nile hutoka, na kwamba rasi ya Rhapta iko kusini kidogo ya hapo. Siku zile 25 ni za chombo baharini. Hakuna anayetembea kwa miguu katika maneno hayo, na hakuna theluji.

Mbele kidogo, katika sura ya 17 ya kitabu hicho hicho cha kwanza, Ptolemy anaisahihisha habari hiyo. Anasema kwamba wafanyabiashara waliovuka kutoka Arabuni kwenda Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki kama ilivyoitwa zamani, na Rhapta walieleza kuwa maziwa ambako Nile hutoka hayako kando ya bahari, bali yako mbali sana bara. Hapo ndipo msomaji wa Tabora anapopaswa kuchangamka kuliko msomaji wa mahali pengine popote. Wafanyabiashara wale waliishia pwani. Nani basi aliwaambia kwamba bara kuna maziwa, na kwamba yako mbali? Habari lazima zilipita midomoni mwa watu wa bara na wa pwani, karne nyingi kabla ya misafara ya pembe iliyoufanya mji huu uwe mji. Hadithi ya Mgiriki anayetembea peke yake hadi ziwani inawafuta watu hao wote, ilhali maandishi yenyewe, ukiyasoma vizuri, yanawaacha wasimame. Ile sehemu nyingine ya kitabu inayotaja Mlima wa Mwezi na theluji yake ina mabishano yake miongoni mwa wataalamu, wengine wakiona kwamba iliongezwa baadaye, na mabishano kama hayo huamuliwa na wale wanaoweza kulinganisha nakala za mkono katika lugha yake. Sisi wenye maziwa hatumo katika mazungumzo hayo.

Niseme pia ni nani aliyetutoa gizani siku ile. Alikuwa yule mwalimu wa hisabati. Ptolemy ametoa vipimo vya mahali kama 8,000 kwa digrii za longitudo na latitudo, na mwalimu huyu alichukua karatasi ya mraba, akachora mistari kwa rula, akaanza kuweka nukta za pwani ya Azania moja baada ya nyingine kwa penseli. Rhapta iliangukia karibu na digrii 7 kusini ya ikweta, na rasi yake zaidi kidogo ya digrii 8, na kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu kabisa na digrii 7, kila aliyekuwa mezani alielewa kwa nini watafiti wengi huitafuta bandari ile kwenye pwani ya Tanzania. Baada ya hapo akatuuliza ni vipi mtu aliyeziona nukta hizi aweze kudhani kwamba siku 25 za Diogenes zilikuwa za miguu. Mtu aliyesomea lugha peke yake huenda asingefikiria kuchora.

Hii ndiyo maana nasema wanaotoka fani nyingine wasipokelewe kama wageni wa kuvumiliwa. Mwaka 1952 Michael Ventris, msanifu majengo wa Uingereza, alionyesha kwamba maandishi ya vigae vya udongo vya Krete na Ugiriki bara, yaliyowashinda wataalamu kwa nusu karne, yalikuwa ni Kigiriki cha zamani sana, na mwenzake John Chadwick, ambaye ndiye aliyekuwa mtaalamu wa lugha, akamsaidia kuithibitisha kazi hiyo. Na vigae vyenyewe vilisema nini? Ni hesabu: kondoo, ngano, mafuta, magurudumu ya magari ya farasi. Mhasibu angejisikia nyumbani. Vivyo hivyo, huko Oxyrhynchus, Misri, wasomi wa Kiingereza Grenfell na Hunt walianza mwaka 1896 kuchimbua majalala ya mji wa kale na kutoa vipande vya mafunjo, karatasi ya kale ya matete, kwa maelfu mengi, ambavyo ni stakabadhi za kodi, mikataba, barua za familia na vipande vya vitabu. Zimekwisha chapishwa juzuu zaidi ya 80 na bado sehemu kubwa haijasomwa. Karani wetu wa mahakama, anayeshinda akipanga majalada ya mirathi na madai ya mashamba, anaitambua barua ya madai anapoiona, hata kama imeandikwa miaka 1,800 iliyopita. Afisa misitu wetu ana hamu ya kumsoma Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliyeandika juu ya mimea, na hakuna profesa wa lugha atakayemzidi katika kuelewa kwa nini mtu anajali wakati wa kukata mti.

Kuna chanzo kingine cha karibu zaidi, ambacho kimekuwa kikinitia uchungu. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879, na katika parokia zao za zamani rejesta za ubatizo ziliandikwa kwa Kilatini. Nimewahi kuruhusiwa kutazama moja. Karatasi imegeuka rangi ya kahawia, wino umefifia kwenye mikunjo, na safu zimepangwa kwa utaratibu mmoja: jina jipya la Kikristo, jina la asili, umri wa kukadiria, wazazi, msimamizi, padri. Katika mistari ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, mahali pa wazazi pameandikwa kwa maneno mawili tu kwamba hawajulikani. Hao ni watoto wa maeneo yetu na ya ng'ambo ya ziwa. Wajukuu na vitukuu vyao wapo, wanaishi kati yetu, na baadhi yao wangependa kujua. Kuzisoma rejesta hizo hakuhitaji shahada ya uzamivu, lakini kuzitafiti inavyostahili, kuzilinganisha, kuona padri gani alikuwa na kawaida gani ya kuandika na wapi alikosea, kunahitaji mtu aliyekijua Kilatini kuliko kiwango cha kubahatisha. Mwanahistoria wetu kijana leo anafika hapo, anapiga picha ukurasa, kisha anatafuta mtu wa kumsomea.

Najua nitaulizwa kwa nini Ugiriki na Roma, na kwa nini si tenzi zetu za hati ya Kiarabu au masimulizi ya Wanyamwezi na Waha. Hayo nayo yana haki ya idara, walimu na fedha, na ningeandika barua nyingine kuyatetea. Lakini siafiki kwamba masomo haya ni mali ya Ulaya. Aleksandria iko Afrika. Agostino alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354, na Kilatini chake kinasomwa hadi leo. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, katika karne ya 4, aliandikisha ushindi wake kwenye mawe kwa Kigiriki pamoja na Kigeezi, lugha ya kale ya huko. William Sanders Scarborough, aliyezaliwa mtumwa huko Macon, Georgia, mwaka 1852, alichapisha kitabu cha kufundishia Kigiriki mwaka 1881, na Senghor alifundisha Kilatini na Kigiriki katika shule ya Wafaransa mjini Tours kabla ya kuwa rais wa Senegal. Vyuo vya Legon, Ghana, na Ibadan, Nigeria, vimefundisha masomo haya tangu vilipoanzishwa mwaka 1948, na uhuru haukuwafanya wayatupe. Hata Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora kabla ya kwenda Makerere, alipotaka kuonyesha Kiswahili kinaweza nini alitupatia Juliasi Kaizari, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Ningependa kuishi nione Kaizari mwenyewe, na Cicero aliyempinga, wakifasiriwa moja kwa moja kutoka Kilatini na mtu aliyekulia Urambo au Kasulu.

Sasa nije kwenye ombi. Kinachowazuia wahitimu hawa ni kizuizi kimoja. Shahada ya uzamili katika fani hii, kwenye vyuo vingi vinavyoheshimika, humtaka mwombaji awe tayari anasoma maandishi ya Kigiriki au Kilatini, au vyote viwili. Wamarekani walikwisha liona tatizo hilo kwao, na vyuo kadhaa, kikiwemo University of Pennsylvania, vina programu maalumu kwa mtu aliyekwisha kuhitimu shahada nyingine, ambamo anajengewa lugha hizo mpaka aweze kuomba uzamili akiwa sawa na wenzake. Sisi hatuna daraja hilo. Ninachopendekeza ni mwaka mmoja wa maandalizi, ulio wazi kwa mwenye shahada ya kwanza ya fani yoyote, wenye cheti kinachotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na unaofundishwa jioni na wakati wa likizo, kwa kuwa wanaouhitaji wana kazi na familia.

Walimu wa kuanzia wapo, ila wametawanyika. Seminari Kuu ya Kipalapala, hapa kwetu, imefundisha Kilatini tangu miaka ya 1920 kwa vizazi vya mapadri. Makumira, huko Arusha, wachungaji hujifunza Kigiriki cha Agano Jipya. Katika kila wilaya yetu kuna watu walioacha seminari na kuingia kazi nyingine, ambao Kilatini chao kinalala kwa kukosa wa kukizungumzia. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kiko hapa hapa Tabora na kinafundisha walimu; kikishirikiana na jirani yake wa Kipalapala, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye wanaakiolojia waliochimba pwani ya Azania kikitoa uzito wake wa kitaaluma, mwaka huo unaweza kuanza bila kujenga hata darasa jipya. Vitabu si tatizo kama zamani, kwa sababu maktaba ya Perseus ya Tufts University imeweka kwenye intaneti maandishi mengi ya Kigiriki na Kilatini pamoja na kamusi zake, bure, na simu ya kawaida inayafungua. Wa Kigoma wanaweza kuja kwa treni wakati wa likizo kwa vipindi vya ana kwa ana, na kufuata vingine kwa mtandao.

Kuna wanaosema kwamba lugha zenyewe zilegezwe ili watu wengi zaidi waingie, na mwaka 2021 Princeton University iliondoa sharti la kusoma Kigiriki au Kilatini kwa wanafunzi wake wa shahada ya kwanza wa fani hii. Sitaki njia hiyo kwetu. Mtu asiye na lugha atarudi kusoma kwamba Diogenes alitembea siku 25, na atawafundisha hivyo watoto wetu. Wala lugha hizi hazimtishi Mtanzania kama inavyodhaniwa. Anayezungumza Kiswahili amezoea tangu utotoni kupatanisha jina, kivumishi na kitenzi katika kila sentensi, na kutengeneza kutoka mzizi mmoja maumbo mengi ya kitenzi, jambo ambalo Mwingereza hulitolea jasho. Anayezungumza Kiha au Kinyamwezi anajua kwamba kupandisha au kushusha sauti kunaweza kubadili maana, na alama zile ndogo juu ya maneno ya Kigiriki zilibuniwa kuonyesha sauti inapopanda na kushuka. Kinachotakiwa ni muda wa kila siku na mwalimu anayesahihisha.

Kuhusu kula, nitasema kwa kifupi. Mama mmoja alimwambia binti yake, yule muuguzi, "Mwanangu, hao Wagiriki watakulipia karo ya watoto?" Jibu la kweli ni kwamba hawatalipa, na binti yake hana nia ya kuacha wodi. Anataka kuandika tasnifu juu ya wakunga katika maandishi ya Soranus, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki juu ya uzazi, na ataiandika akiwa muuguzi. Wachache watapata kazi katika nyaraka za taifa, makumbusho na vyuo. Wengi watabaki na kazi zao, na mikoa yetu itakuwa na watu wanaoweza kusoma kilichoandikwa juu yake.

Nawaomba wakuu wa vyuo nilivyovitaja wanijibu kupitia ukurasa huu: ni nani kati yao atakayekubali kuusajili mwaka huo wa maandalizi, na anahitaji nini kutoka kwetu ili maombi ya kwanza yapokelewe. Nawaomba pia maparoko na familia zenye vitabu vya zamani vya sarufi ya Kilatini au Kigiriki, hata vilivyoliwa na mchwa pembeni, wasivichome. Tutavifuata huko huko walipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tabora